Homoni ya moyo imepanda, figo za baba zimechoka: tuamini karatasi ipi?

BARUA

Wapendwa washauri,

Salaam kutoka Bwera. Baba yangu ana miaka 61. Presha ameishi nayo muda mrefu, na miaka mitatu iliyopita tuliambiwa figo zake zimeanza kushindwa kazi. Januari tulimpeleka Kampala, wakampima damu pamoja na homoni ya moyo, ikatoka 310. Juni miguu ilianza kuvimba, kliniki moja ya huku ikachukua damu tena. Safari hii majibu yakaja 2,140, na pembeni wameandika kwamba kawaida ni chini ya 125. Mhudumu akatuambia moyo umekufa nusu, tujiandae. Tangu siku hiyo Mzee hataki hata kukaa barazani.

Nyumbani tumegawanyika. Kaka yangu anasema homoni imepanda mara saba kwa miezi mitano, kwa hiyo tuuze ng'ombe twende Kampala. Jirani yetu ni muuguzi, yeye anasema hizo ni figo tu, na kwamba kazi ya homoni hiyo ni kuzisaidia figo zitoe chumvi na maji. Hapo ndipo ninapochanganyikiwa: kama inasaidia, na baba anayo tele, mbona miguu imevimba? Mjomba aliye Nairobi naye kasikia kuna vidonge vya kuongeza homoni hiyo, anasema tukitaka atatuma.

Baba anatumia losartani miligramu 50, amlodipini miligramu 10 na Lasix miligramu 40 asubuhi. Magoti yakimsumbua hununua diklofenaki dukani. Usiku analala vizuri kwa mto mmoja, ila kile kilima cha kanisani sasa anakipanda kwa kusimama-simama. Chumvi ya mezani tumeshaiondoa. Chakula ni kilekile cha huku: matoke, posho, maharage, sombe, na makayabo (samaki waliokaushwa kwa chumvi) siku za soko. Nimewatumia picha za karatasi zote mbili. Tufanye nini? Na kipimo hiki tukirudie kila mwezi? Bei yake inauma.

Binti wa Mzee, Bwera

JIBU

Binti wa Mzee, pole kwa mzigo huu, na mfikishie Mzee salamu zetu. Tumezisoma karatasi zako mbili, na kuna jambo ambalo umsomee leo hii kabla ya mengine yote.

Tazama jina la kipimo, si namba. Karatasi ya Januari imeandikwa BNP, ya Juni imeandikwa NT-proBNP. Hivyo ni vipimo viwili tofauti, ingawa vyote husomwa kwa pikogramu kwa mililita na vyote watu huviita "homoni ya moyo". Moyo hutengeneza kwanza kipande kirefu chenye asidi amino 108, kisha hukikata vipande viwili. Kipande cha asidi amino 32 ndicho BNP, homoni yenyewe inayofanya kazi. Kilichobaki, cha asidi amino 76, ndicho NT-proBNP. Hakina kazi yoyote mwilini, ila maabara hukipenda kwa sababu hakiharibiki haraka. Kila kimoja kinapotoka, mwenzake hutoka pamoja naye. Lakini nusu ya BNP huondoka kwenye damu ndani ya dakika 20 hivi, wakati NT-proBNP huchukua saa moja mpaka mbili, na tena hutegemea sana figo ili itoke. Ndiyo maana siku hiyohiyo, kwa mtu yuleyule mwenye figo hafifu, NT-proBNP huwa mara kadhaa ya BNP. Hesabu ya kaka yako ya "mara saba" haipo. Kwa karatasi hizi mbili hakuna anayeweza kusema kwamba homoni imepanda wala kwamba imeshuka.

Kilichobadilika kweli kimeandikwa mstari wa juu yake, na hakuna aliyewaonyesha. Kreatinini, ile taka ya damu ambayo figo hutakiwa kuitoa, Januari ilikuwa 205, Juni 230, zote kwa mikromoli kwa lita. Kwa mwanamume wa miaka 61 hiyo ni kasi ya uchujaji, ile inayoandikwa eGFR, ya 31 hivi ikishuka kuwa 27. Mzee amevuka kutoka hatua ya tatu kwenda ya nne ya ugonjwa sugu wa figo, kwa kuwa mpaka uko kwenye 30. Kreatinini hupanda na kushuka kidogo hata bila sababu kubwa, kwa hiyo tofauti ya pointi nne peke yake isiwakoseshe usingizi. Ila mkiiweka pamoja na ile diklofenaki, inatudai maswali. Tutaifikia.

Sasa swali lako zuri: kama homoni hii inasaidia figo, mbona miguu imevimba?

Mwaka 1981 huko Kingston, Kanada, Adolfo de Bold na wenzake walichukua majimaji ya vyumba vya juu vya moyo wa panya, wakayadunga kwa panya wengine, na ndani ya dakika chache panya hao wakaanza kutoa mkojo mwingi wenye chumvi nyingi. Kabla ya hapo moyo ulihesabiwa kuwa pampu tu. Homoni iliyopatikana ikaitwa ANP. Mwaka 1988 Wajapani walimpata ndugu yake, BNP, kwenye ubongo wa nguruwe, kisha ikajulikana kwamba mtengenezaji wake mkubwa ni vyumba vya chini vya moyo. Kinachouamsha moyo kuitoa ni kuta zake kuvutwa. Damu ikizidi ujazo, au presha ikiwa juu, kuta hutanuka na homoni hutoka.

Ikifika kwenye figo hufanya kazi tatu kwa pamoja. Hulegeza kijimshipa kinachoingiza damu kwenye kichujio na kukaza kile kinachoitoa, hivyo msukumo ndani ya kichujio hupanda na maji mengi zaidi huchujwa. Mbele zaidi, kwenye mirija ya mwisho kabla mkojo haujatoka, huziba njia ambazo sodiamu, ile iliyomo kwenye chumvi, ingerudia mwilini, na sodiamu ikitoka maji huifuata. Tatu, hupunguza renini na aldosteroni, homoni ambazo kazi yake ni kinyume: kubana mishipa na kushikilia chumvi.

Kwa mtu mwenye figo nzima mpango huu unatosha. Akila makayabo mchana, usiku moyo hupiga hodi, figo hufungua, asubuhi chumvi imeshatoka. Kwa Mzee moyo unapiga hodi kwa nguvu, lakini mwenye nyumba masikio yamekuwa mazito. Kila figo ya mtu mzima huanza na vichujio milioni moja hivi, na katika hatua ya nne vingi vimegeuka makovu. Homoni haina pa kushika. Vilivyobaki navyo viko chini ya renini na aldosteroni nyingi, kwa sababu figo iliyoumia huzimwaga hizo muda wote. Ndani ya seli, ishara ambayo homoni huiwasha huvunjwa upesi kuliko kawaida. Na kuna jambo ambalo hata baadhi ya wahudumu hawalijui: sehemu ya BNP inayozunguka kwenye damu ya wagonjwa hawa ni kile kipande kirefu ambacho hakijakatwa vizuri, chenye nguvu ndogo sana. Mashine ya maabara inakihesabu, figo haikisikii.

Kwa hiyo namba kubwa ya Mzee ina mambo mawili ndani yake. Moyo umevutwa, kwa hiyo umetoa homoni nyingi. Na figo zimeshindwa kuiondoa, kwa hiyo imerundikana. Muuguzi jirani yenu ana haki nusu. Yule mhudumu wa kliniki alikosea kuusoma mpaka wa 125 kama hukumu. Mpaka huo umewekwa kwa mtu asiye na dharura, kwa ajili ya kuondoa shaka: ukiwa chini yake, uwezekano wa moyo kushindwa ni mdogo. Ukiwa juu yake haijathibitishwa kitu. Kwa mgonjwa anayefika hospitali akihema, mpaka wa kuondoa shaka ni 300, na wa kushuku sana moyo kwa mwenye umri wa miaka 50 hadi 75 ni 900. Ikiwa kasi ya uchujaji iko chini ya 60, watafiti wamependekeza mpaka usogezwe hadi 1,200. Mzee ana 2,140, yuko juu hata ya huo. Hatuwezi kukuambia "ni figo tu, laleni". Tunakuambia namba hii inadai moyo utazamwe kwa macho, yaani altrasaundi ya moyo, ambayo hospitalini huiita eko.

Eko ndiyo itakayosema kama moyo unasukuma vizuri, kama ukuta umenenepa kwa presha ya miaka mingi, kama valvu zinavuja. Ulizeni Fort Portal au Mbarara kabla ya kufunga safari ya Kampala. Ikibidi Kampala, Taasisi ya Moyo ya Uganda iko ndani ya eneo la Mulago, na wagonjwa wa figo hupokelewa Kiruddu. Ng'ombe asubiri kwanza.

Siku ya eko, ombeni na vipimo vitatu vya bei ndogo ambavyo kwenye karatasi zenu hatuvioni. Cha kwanza ni protini ya mkojo, ikiwezekana uwiano wa albumini na kreatinini, na kama haupo, kijiti cha mkojo. Miguu inaweza kuvimba kwa sababu protini inavuja tu, moyo ukiwa mzima. Cha pili ni kiasi cha damu, yaani himoglobini. Figo za hatua ya nne hutoa kidogo ile homoni ya kutengeneza damu, na mtu mwenye upungufu wa damu hukipanda kilima chenu kwa kusimama-simama hata kama moyo wake hauna neno. Upungufu wa damu nao huipandisha NT-proBNP. Cha tatu ni kipimo cha umeme wa moyo, ECG, maana mapigo yasiyo na mpangilio huipandisha namba hiyohiyo peke yake.

Tukija kwenye dawa, diklofenaki iishe leo. Si kupunguza; iishe. Figo iliyochoka hutegemea prostaglandini, kemikali za mwili wenyewe, ili kijimshipa cha kuingizia damu kibaki wazi, na diklofenaki, ibuprofeni na ndugu zao huzizima. Kijimshipa hubana, sodiamu hurudi mwilini, Lasix hupoteza nguvu, na kazi yote ya homoni ya moyo hufutwa upande wa pili. Kwa mtu ambaye tayari yuko kwenye losartani na Lasix, kuongeza ya tatu ni njia ya haraka ya kuangusha figo ndani ya siku chache. Angalieni na vidonge vya "maumivu ya mgongo" vinavyouzwa vimechanganywa, mara nyingi diklofenaki imo. Kwa magoti atumie paracetamol miligramu 500, kidonge kimoja au viwili kwa mara moja, angalau saa sita kati ya mara na mara, na isizidi gramu 3 kwa siku. Sindano za maumivu dukani akatae hata akibembelezwa.

Lasix aliyopewa huenda haifiki. Furosemidi, dawa ya kukojoza iliyo ndani ya Lasix, haifanyi kazi ikiwa ndani ya damu. Ni lazima isukumwe na seli za figo iingie kwenye mirija ya mkojo, na figo hafifu husukuma kidogo. Dawa hii ina kizingiti: chini yake hakuna kinachotokea, juu yake mkojo hufunguka. Jaribio ni rahisi. Akishameza asubuhi, muulize kama ndani ya saa mbili mkojo umeongezeka waziwazi. Kama siku zote anakojoa vilevile, dozi iko chini ya kizingiti, na daktari anaweza kuipandisha kwa mara moja. Kosa tunaloliona mara kwa mara ni mgonjwa kugawa kidonge, nusu asubuhi nusu jioni, "ili kisimchoshe". Nusu mbili zote zinabaki chini ya kizingiti. Ikiwa daktari ataamua mara mbili kwa siku, ya pili imezwe saa nane mchana, si saa mbili usiku, la sivyo Mzee atashinda njia ya choo usiku kucha.

Halafu ipo amlodipini. Miligramu 10 huvimbisha vifundo vya miguu kwa watu wengi, bila moyo wala figo kuhusika, kwa sababu hufungua mishipa ya kuingiza damu kuliko ya kuirudisha. Uvimbe wa namna hiyo huzidi jioni, asubuhi hupungua, uzito haubadiliki sana, na Lasix haiupunguzi kabisa. Mweleze daktari, akiona inafaa atashusha hadi 5 na kutafuta njia nyingine ya presha. Msiiache wenyewe, presha ikiruka ndiyo itakayomaliza figo.

Losartani iendelee. Haiongezi homoni ya moyo. Inampunguza nguvu mpinzani wake, ile njia ya renini na aldosteroni, na ndiyo sababu inalinda figo zinazovuja protini. Kreatinini ikipanda mpaka asilimia 30 mwanzoni mwa dawa hii, madaktari huivumilia. Potasiamu ndiyo ya kuchungwa: ya Mzee ni 5.1, si ya hatari lakini imekaribia ukingo. Ikivuka 5.5 daktari lazima ajue siku hiyohiyo. Ikifika 6 na zaidi ni dharura. Siku akishikwa na kuhara au kutapika kiasi cha kushindwa kula na kunywa, pigeni simu kwa daktari asubuhi hiyohiyo: kwa kawaida losartani na Lasix husimamishwa mpaka aanze kula, maana zikiendelea mwili ukiwa mkavu figo huzimika.

Vidonge vya mjomba tunavijua. Ni mchanganyiko wa sakubitrili na valsartani. Sakubitrili huzuia neprilisini, kimeng'enya kinachovunja homoni hizi, hivyo hubaki muda mrefu zaidi. Ni dawa nzuri kwa moyo ambao eko imeonyesha unasukuma hafifu. Kwa ugonjwa wa figo peke yake hadithi ni nyingine: Uingereza waliijaribu kwa wagonjwa 414 wa figo, wakachapisha mwaka 2018, na baada ya miezi 12 figo hazikuwa bora kuliko za waliotumia irbesartani, dawa ya kundi moja na losartani, ingawa presha na NT-proBNP zilishuka zaidi. Hata BNP yenyewe iliyotengenezwa kiwandani, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 2001 kwa sindano, ilipopimwa kwa wagonjwa zaidi ya 7,000 wa moyo na matokeo kutolewa mwaka 2011, haikuokoa figo. Kuongeza sauti kwa asiyesikia hakusaidii sana. Mjomba asitume. Vidonge vyake vina valsartani ndani, vikimezwa pamoja na losartani ni dozi mbili za kitu kimoja, na presha na potasiamu vitaharibika. Siku daktari akiamua kuvitumia, losartani itaondolewa; kama wakati huo Mzee atakuwa kwenye dawa za presha za kundi la enalaprili, ni lazima zipite saa 36 kamili, la sivyo uso na koo vinaweza kuvimba hadi pumzi izibe. Na tangu hapo BNP haitasomeka, kwa kuwa dawa yenyewe inaipandisha, itabaki NT-proBNP.

Kama mjomba ana pesa ya kusaidia, aulizwe kuhusu dapagliflozini miligramu 10 mara moja kwa siku, baada ya daktari kuona protini ya mkojo. Utafiti mkubwa wa mwaka 2020 uliwachukua wagonjwa wa figo wenye kasi ya uchujaji kuanzia 25, na ukaonyesha figo zao zinadumu zaidi, wenye kisukari na wasio nacho. Mzee ana 27, yuko ndani. Dawa hii hutoa sodiamu kwa njia isiyoitegemea homoni ya moyo, na moyo nao hunufaika. Wiki za kwanza kreatinini hupanda kidogo, hilo linajulikana. Siku asizokula, iwe kwa maradhi au kwa kufunga, huachwa kwanza.

Sasa tuingie jikoni, maana hapa ndipo mtapata ushindi wa haraka kuliko dawa yoyote. Umeandika kwamba chumvi ya mezani mmeiondoa. Vizuri, lakini haikuwa hiyo. Kipimo chake cha siku nzima ni gramu 5, kijiko kimoja kidogo cha chai kilichosawazishwa kwa kisu, na humo kimo kila kitu: mkate, unga wa mchuzi kama Royco, na magadi mnayotia kwenye maharage. Magadi ni sodiamu, hata kama ulimi hauyasikii kuwa chumvi. Chumvi ya Katwe ni chumvi vilevile, kuchimbwa kwetu hakuipunguzii kitu. Makayabo ndiyo mshitakiwa mkuu: kipande kimoja kinaweza kula kibali cha siku yote, na uvimbe wa siku mbili baada ya soko hauhitaji maelezo mengine. Kama hawezi kuyaacha kabisa, yaloweke usiku kucha, badilisha maji mara tatu, chemsha na kumwaga, na iwe mara moja moja. Ngege mbichi au mukene (dagaa) usiotiwa chumvi, uliooshwa vizuri, ni bora zaidi.

Maharage yaloweke kuanzia jioni, mwaga maji hayo, pika na maji mapya bila magadi. Yataiva kwa muda wa kuridhisha, na sehemu ya potasiamu itakuwa imemwagika pia. Chakula cha nyumba nzima kipikwe bila chumvi, chota cha Mzee, kisha tia chumvi kwenye sufuria ya wengine. Njia hii haina ugomvi. Zile chumvi za dukani zinazoitwa "za wagonjwa wa presha" zikwepeni: nyingi ni potasiamu, na yeye iko 5.1. Matoke ya kuvukizwa kwenye majani hubaki na potasiamu yake yote. Yakimenywa, yakakatwa vipande, yakachemshwa kwenye maji mengi na maji yakamwagwa, hupungua. Hilo fanyeni ikiwa potasiamu itabaki juu ya 5, si lazima kila siku ya maisha.

Na yule anayemwambia anywe lita tatu za maji "kuosha figo", mshukuruni, kisha msimsikilize. Mtu mwenye miguu iliyovimba anywe kwa kiu, mpaka daktari ampe kiasi.

Tafuteni mizani ya kusimama. Kila asubuhi, akishakojoa, kabla ya kula, nguo zilezile nyepesi, mizani juu ya saruji na si juu ya mkeka, uandike kwenye daftari. Kilo moja iliyoongezeka ghafla ni lita moja ya maji. Zikiongezeka kilo mbili ndani ya siku tatu, nendeni kliniki na daftari hata kama anajisikia vizuri. Pandeni gari usiku huohuo, msingoje kuche, akianza kushindwa kulala chali, akiamka anatafuta hewa, akishikwa na maumivu ya kifua, akizimia, mkojo ukikaribia kukatika, au viungo vikilegea na mapigo kuruka-ruka.

Kuhusu kurudia kipimo kila mwezi: hapana. NT-proBNP hucheza yenyewe kiasi kwamba tofauti ya chini ya asilimia 30 haina maana. Kwa Mzee, namba yoyote kati ya 1,500 na 2,800 tungeisoma kuwa ileile. Irudiwe mara moja, uzito ukishatulia kwa wiki nne hadi sita baada ya mabadiliko haya, kisha pale tu hali ikibadilika au daktari akibadili dawa. Iwe maabara ileile, na kwenye fomu waandike NT-proBNP, pamoja na kreatinini na potasiamu za damu hiyohiyo, kwa sababu bila kreatinini namba hiyo haisomeki. Kama damu inachukuliwa kwenu na kupelekwa mbali, mna sababu nyingine ya kukataa BNP: huanza kuharibika ndani ya saa chache kwenye joto la kawaida na kutoa majibu ya chini yasiyo ya kweli, wakati NT-proBNP hustahimili siku mbili tatu za safari. Pesa ya vile vipimo vya kila mwezi inunue mizani kwanza, inayobaki iende kwenye eko.